Majani yanapobadilika rangi na unga unapoota ukungu: chanja, kaushio la jua au kaushio la umeme?

Unga wa mlonge uliokuwa wa kijani siku ya kusagwa unageuka rangi ya hudhurungi baada ya wiki chache dukani. Mchaichai unanukia nyasi kavu badala ya ndimu. Rosela inaota madoa meupe ndani ya pakiti iliyofungwa vizuri, na tangawizi ya vipande inayoonekana kavu inatoa harufu ya kuchacha mara mteja anapofungua mfuko. Kwa wachakataji wadogo wa Arusha na Moshi haya ndiyo malalamiko yanayorudi kila msimu, na ushauri unaotolewa haraka ni kwamba njia ya kukausha haifai, litafutwe kaushio jingine. Wakati mwingine ushauri huo ni sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, fedha hutoka, mtambo mpya hufika, na kasoro hubaki palepale, ama kwa sababu haikuanzia kwenye kukausha, ama kwa sababu mtambo ulionunuliwa unatibu ugonjwa mwingine kabisa.

Ulinganisho huu unahusu njia tatu zinazopatikana kwa mtu mwenye mtaji mdogo katika mikoa hii miwili: kuanika kwenye chanja, iwe juani au kivulini, kaushio la jua, na kaushio la umeme lenye feni. Unaandikwa kwa mtu ambaye tayari anazalisha, tayari analalamikiwa, na anataka kujua shilingi yake inayofuata iende wapi.

Kabla ya kulinganisha: kasoro imeanzia wapi?

Kuna makosa ambayo hakuna kaushio litakaloyarekebisha. Majani mabichi yaliyoshindiliwa kwenye kiroba na kusafirishwa juu ya daladala kutoka shambani huanza kupata joto lenyewe kwa saa chache tu, na yakifika karakanani yakiwa yamelegea na yana madoa meusi, rangi imeshapotea. Mchanga unaosagika menoni ni kasoro ya kuosha au ya kuanika karibu na ardhi. Weusi mdogomdogo kwenye unga mara nyingi hutokana na vyuma vya mashine ya kusagia, hasa mashine ileile inayosaga mahindi ya mtaa mzima, na dawa yake ni sumaku kwenye mdomo wa kutolea unga na mashine isiyochanganya kazi.

Kasoro za upande wa pili wa kukausha nazo ni nyingi. Majani yanayofungashwa yakiwa bado ya moto hutoa mvuke ndani ya pakiti, mvuke huo hugeuka matone kwenye kuta za mfuko, na ukungu huanzia hapo hata kama majani yalikauka sawasawa. Majani makavu yaliyoachwa wazi usiku kucha yasubiri kufungashwa kesho yake hunyonya unyevu wa hewa, na usiku wa Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, una unyevu wa kutosha kuharibu kazi ya siku mbili. Pakiti ya nailoni angavu iliyopangwa kwenye rafu inayopigwa na mwanga hupausha mlonge na rosela polepole hata kama kila kitu kingine kilifanyika vizuri.

Njia rahisi ya kujua ni kugawa mavuno ya siku moja katika mafungu matatu. Fungu moja likaushwe kwa njia ya kawaida na kufungashwa kwa njia ya kawaida. La pili likaushwe vilevile lakini lipozwe na kufungwa siku hiyohiyo kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga. La tatu likaushwe kwa njia nyingine, hata kwa kuazima trei mbili kwa jirani, kisha lihifadhiwe kama la pili. Baada ya mwezi mmoja mafungu hayo yatasema wazi. Kama fungu la pili limesalimika na la kwanza limeharibika, tatizo lako ni ufungashaji, na huna haja ya kununua kaushio.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni rangi na harufu, kwa sababu ndivyo vinavyomfanya mteja achague pakiti yako au ya mwenzako. Majani yenye mafuta ya harufu, kama mchaichai, minti na rozimari, hayapendi joto linalozidi nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi. Mlonge huvumilia hadi karibu 50. Rosela na tangawizi hukaushwa kati ya 50 na 60. Mwanga wa jua wa moja kwa moja ni adui wa peke yake, tofauti na joto, kwani huvunja rangi ya kijani na hupunguza vitamini ambazo ndizo zinazotangazwa kwenye lebo ya mlonge.

Cha pili ni unyevu unaobaki, na hiki ndicho kinachoamua kama ukungu utaota. Majani ya chai ya mitishamba yanapaswa kushuka hadi asilimia 8 hadi 10 ya unyevu, na tangawizi isizidi 12. Ukungu wa viungo si suala la sura tu, kwani baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Cha tatu ni usafi. Hapa ni lazima isemwe waziwazi kwamba kukausha si kuua vijidudu. Joto la nyuzi 45 linalolinda harufu ya mchaichai halimsumbui bakteria wa salmonela, ambaye huweza kukaa miezi mingi ndani ya kiungo kikavu akisubiri maji. Kaushio bora huzuia uchafu mpya kuingia. Uchafu ulioingia shambani au kwenye beseni la kuoshea hubaki.

Cha nne ni utegemezi wa hali ya hewa, na cha tano ni gharama, ikiwemo ya mikono inayogeuza, kufunika na kukimbiza majani ndani mvua inapoanza.

Chanja

*Rangi na harufu.* Chanja hudharauliwa kwa sababu ni ya bei rahisi, lakini kwa mchaichai na minti, chanja iliyowekwa kivulini, chini ya paa linalopitisha upepo, hutoa majani yenye harufu ambayo makaushio mengi hayaifikii, kwa kuwa joto halizidi la hewa ya kawaida. Ikiwekwa juani mambo hubadilika: mlonge hupauka ndani ya saa chache. Kwa hiyo mtu anayesema "naanika" hajasema kitu mpaka aseme anaanika wapi. Tabaka nalo liwe jembamba. Majani yaliyorundikwa kama godoro hukauka juu na kuiva chini, na yale ya chini ndiyo yanayogeuka hudhurungi.

*Unyevu unaobaki.* Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Majani hayawezi kukauka kupita hewa inayoyazunguka, na katika siku ya mawingu hewa yenyewe haina ukavu wa kuyafikisha kwenye asilimia 10. Yatasikika makavu mkononi saa nane mchana, lakini kufikia saa moja usiku yameshaanza kulainika. Yeyote anayeanika anapaswa kuyaingiza ndani kufikia saa kumi jioni, kabla hewa haijaanza kupoa.

*Usafi.* Chanja ya kimo cha kiuno yenye wavu juu na chini huwazuia kuku na nzi na hupunguza mchanga. Haizuii vumbi. Kwa waliopo karibu na barabara ya udongo Moshi ya chini, ambako kiangazi hugeuza kila gari kuwa wingu, kigezo hiki peke yake kinaweza kuiondoa chanja kwenye mjadala.

*Hali ya hewa.* Miezi ya Januari na Februari hufaa sana, na Septemba hufaa pia. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, chanja haifanyi kazi ya kutegemewa. Kinachowashangaza wengi ni Juni na Julai: mvua imekwisha, lakini Arusha na miteremko ya Kilimanjaro hufunikwa na mawingu ya baridi siku nzima, na majani hukaa siku nne bila kukauka wala kuoza waziwazi. Hapo ndipo harufu ya nyasi inapotokea.

*Gharama na kazi.* Mbao, misumari na wavu. Gharama halisi ni mtu wa kukaa nayo.

*Inamfaa* anayekausha kiasi kidogo cha majani ya harufu katika miezi mikavu, mwenye nafasi yenye kivuli na upepo, na asiye na mkataba unaomlazimisha kupeleka mzigo kila wiki.

Kaushio la jua

*Rangi na harufu.* Hapa pana jambo linalowaponza wanunuzi wengi. Jina "kaushio la jua" linabeba vitu viwili tofauti. Kuna kaushio lenye kifuniko angavu, ambamo jua hupiga majani moja kwa moja kupitia nailoni au kioo. Na kuna lile lenye paneli ya kupashia hewa, bati lililopakwa rangi nyeusi chini ya kioo, ambayo hupeleka hewa moto kwenye sanduku lenye giza lililopangwa trei. La kwanza hulinda majani dhidi ya mvua na vumbi, lakini halilindi dhidi ya mwanga. Mchakataji wa mlonge aliyehama kutoka chanja ya juani kwenda kaushio la aina hiyo hushangaa kuona rangi ikipauka kama zamani, na hulilaumu kaushio wakati lilifanya kazi liliyotengenezewa. Kama tayari unalo la kifuniko angavu, tandaza kitambaa cheusi chepesi sentimita chache juu ya trei, kisiguse majani. Joto litashuka kidogo na rangi itabaki. Kwa tangawizi ya vipande, mwanga si tatizo kubwa, na la kifuniko angavu linatosha.

Joto linalozidi nalo ni hatari ya kweli. Adhuhuri ya Januari katika Moshi ya chini, kaushio lililofungwa matundu linaweza kuvuka nyuzi 60, na mchaichai uliomo humo utatoka na rangi ya majani ya chai na harufu imeshapanda angani. Kipimajoto cha shilingi elfu chache kikiwekwa kwenye trei ya juu kinaokoa bechi nyingi kuliko marekebisho yoyote ya muundo. Likizidi nyuzi 45 kwa majani ya harufu, fungua matundu ya juu zaidi. Watu wengi huyaziba wakidhani wanahifadhi joto, kumbe wanazuia mvuke usitoke.

*Unyevu unaobaki.* Katika siku ya jua lisilo na mawingu, hewa iliyopashwa nyuzi 15 au 20 juu ya hewa ya nje hukauka kiasi cha kuyafikisha majani kwenye asilimia 10 au chini yake, jambo ambalo chanja haiwezi kuahidi. Tatizo ni usiku. Bechi isiyomalizika siku moja hulala ndani, mvuke uliobaki hutua kwenye kifuniko baridi, na asubuhi matone hudondokea kwenye trei. Usiweke mzigo mwingi kuliko ule unaoweza kukauka ndani ya siku moja na nusu, na usiku wa kwanza uyatoe majani na kuyaingiza ndani ya nyumba.

*Usafi.* Ni mzuri, mradi matundu ya hewa yana wavu na trei zinaoshwa. Mbao zisizopakwa kitu hunyonya unyevu na huota ukungu wa kwao wenyewe.

*Hali ya hewa.* Mvua ya ghafla haitakupotezea mzigo, lakini kaushio la jua bila jua ni sanduku. Mtu wa Marangu au Machame, mawingu ya Juni na Julai yanapotanda, atapata joto linalozidi la nje kwa nyuzi chache tu, na majani yake yatakaa kwenye uvuguvugu wenye unyevu, mazingira ambayo ukungu unayapenda kuliko chanja yenye upepo. Katika siku za namna hiyo chanja ya kivulini ni salama kuliko kaushio la jua lililofungwa, ingawa hakuna muuzaji atakayekueleza hivyo.

*Gharama na kazi.* Baada ya kulijenga, gharama yake kubwa ni nailoni. Nailoni ya kawaida hupasuka kwa jua ndani ya msimu mmoja au miwili. Nunua iliyotengenezwa kuhimili jua, ile inayotumika kwenye vitalu nyumba, hata kama bei inauma. Arusha ina bahati ya kuwa na CAMARTEC na TEMDO, taasisi za umma zinazobuni mitambo ya kilimo na viwanda vidogo, na SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, ina ofisi katika mikoa yote miwili; anzia huko kabla ya kumpa fundi wa mtaani picha ya simu. Maonesho ya Nanenane kwenye viwanja vya Themi, Njiro, kila Agosti, ni mahali pazuri pa kuyaona makaushio kadhaa siku moja na kuingiza mkono ndani ya kila moja.

*Linamfaa* anayekausha rosela, tangawizi au mlonge kwa wingi wa wastani katika maeneo ya chini yenye jua, na anayeweza kupanga uzalishaji ufuate miezi.

Kaushio la umeme

*Rangi na harufu.* Linampa mtumiaji kitu ambacho njia mbili zilizotangulia hazina: joto linalochaguliwa na giza. Mlonge uliokaushwa kwa nyuzi 45 hadi 50 ndani ya saa chache hutoka na kijani ambacho mteja wa hoteli za watalii anakitafuta. Hata hivyo kitufe cha joto kinaweza kutumika vibaya. Tangawizi ikiwekwa nyuzi 70 tangu mwanzo ili kuwahi, ngozi ya nje hujifunga ngumu huku katikati pakiwa na maji. Vipande hulia vikigongana kama vikavu, na wiki tatu baadaye vinachacha. Ndiyo kasoro ile ya harufu iliyotajwa mwanzoni, na ni ya kaushio la umeme zaidi kuliko njia nyingine yoyote. Anza na joto la chini, na vunja kipande katikati kabla ya kutoa.

*Unyevu unaobaki.* Hakuna njia inayolishinda, saa yoyote na mwezi wowote, kwa sharti kwamba lina tundu la kutolea hewa yenye unyevu. Baadhi ya mitambo ya bei nafuu huzungusha hewa ileile ndani, na baada ya saa mbili majani huwa yanachemshwa polepole. Trei iliyo karibu na feni hukauka kwanza, hivyo trei zibadilishwe nafasi.

*Usafi.* Ni wa juu kwa sababu kila kitu kimefungwa na chuma kinaoshwa. Onyo la vijidudu lililotolewa kwenye vigezo linabaki vilevile.

*Hali ya hewa.* Halitegemei jua, linategemea TANESCO. Umeme ukikatika katikati ya bechi, usifunge mlango ukisubiri urudi; majani yenye joto na unyevu bila upepo yataharibika haraka kuliko yakitawanywa kwenye trei chumbani.

*Gharama na kazi.* Hapa panahitaji hesabu, kwa sababu ndipo watu wanapoogopa bila kipimo au kuthubutu bila kipimo. Chukua kilo 10 za majani mabichi ya mlonge yenye asilimia 80 ya maji. Kilo 2 ndizo za jani lenyewe. Likifikia unyevu wa asilimia 10 utabaki na kilo 2.2 hivi, yaani umeondoa kilo 7.8 za maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke hakuwezi kuchukua chini ya takribani uniti 0.65 za umeme (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja) hata kwa mtambo usiopoteza chochote, na mitambo midogo hupoteza nusu au zaidi. Kwa hiyo bechi hiyo itakula kati ya uniti 10 na 15. Kwa bei ya T1, kundi la watumiaji wa kawaida wa umeme, ambayo imezoeleka kwa miaka kadhaa, karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni kati ya shilingi 3,600 na 5,300, au takribani shilingi 1,600 hadi 2,400 kwa kila kilo ya mlonge mkavu. Kwa pakiti ndogo zinazouzwa rejareja gharama hiyo hubebeka. Kwa anayeuza kwa jumla kwenye viroba inaweza kumeza faida yote. Anayetumia mita ya nyumbani iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ajue pia kwamba kaushio litamtoa kwenye kundi hilo na bei nafuu ya taa na pasi itaondoka nalo.

Hesabu hiyohiyo humlinda mnunuzi. Muuzaji akisema mtambo unabeba kilo 50, anazungumzia ukubwa wa sanduku. Muulize hita ni ya kilowati ngapi. Hita ya kilowati 3 haiwezi kuondoa zaidi ya kilo 4.6 za maji kwa saa kwa namna yoyote ile, na kwa kawaida itaondoa nusu yake. Kilo 50 za mlonge mbichi zina kilo 39 za maji ya kuondoa, hivyo jiandae kwa saa 17 mfululizo.

Makaushio ya gesi na ya kuni hufuata mantiki ileile, ila moshi usiguse hewa inayopita kwenye majani. Chai ya mchaichai yenye harufu ya moshi haina mnunuzi.

*Linamfaa* mwenye oda za mwaka mzima, mwenye bidhaa inayouzwa kwa rangi, na ambaye bei yake ya rejareja imeacha nafasi ya umeme.

Kupima, njia yoyote utakayochagua

Mizani ya jikoni ni kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Kama unajua kwamba kilo 10 zako mbichi zina kilo 2 za jani kavu, basi uzito wa mwisho unakuambia unyevu bila kifaa kingine: ukipata kilo 2.6 badala ya 2.2, ndani yake kuna maji gramu 600, sawa na asilimia 23, na bechi hiyo irudi kukaushwa hata kama inakwaruza mkononi. Andika uzito wa kuingia na wa kutoka, tarehe, hali ya hewa na namba ya bechi kwenye daftari moja. Mteja akirudisha pakiti baada ya miezi mitatu, daftari hilo ndilo litakalosema kama kasoro ilianzia kwako au kwenye rafu ya duka.

Kwa vipande vya tangawizi na rosela kuna kipimo cha chumvi: weka sampuli kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika moja, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takribani asilimia 15. Isipogandia bado huna uhakika kwamba umefika, kwa sababu kati ya 15 na 10 ndiko ukungu wa polepole unakoishi. Kipimo hiki kinakataa bechi mbaya lakini hakithibitishi nzuri. Kwa kuthibitisha, hasa unapoelekea kuomba alama ya ubora, sampuli iende maabara. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Kaskazini Arusha, na mjasiriamali mdogo hufanya vizuri kupitia SIDO kwanza kwa ajili ya barua ya utambulisho.

Kwa hali yako

Kama upo Moshi ya chini na kasoro yako ni rangi inayopauka, kaushio la jua lenye paneli na sanduku la giza litakusaidia kuliko la umeme kwa gharama unayoweza kuibeba, na kabla ya kulinunua jaribu kitambaa cheusi kwenye ulilo nalo.

Kama upo kwenye miteremko au Arusha penye mawingu, na kasoro yako ni ukungu unaotokea kwenye bidhaa za Juni hadi Agosti peke yake, kaushio la jua la pili halitaongeza jua. Linganisha gharama ya kaushio dogo la umeme na gharama ya kutozalisha miezi hiyo. Kwa wengine, kukausha akiba ya kutosha Januari na Februari na kuihifadhi vizuri gizani ni jibu la bei nafuu zaidi.

Kama unazalisha mchaichai na minti kwa kiasi kidogo, bakia na chanja, ihamishie kivulini, na fedha uliyotenga iende kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana na vifungashio visivyopitisha mwanga.

Kama una mlonge au tangawizi, iwe ya wilaya ya Same au ya kwako, na oda zimeanza kuwa za kudumu, fikiria kuunganisha njia mbili. Jua liondoe maji mengi, umeme umalizie. Katika mfano wa kilo 10, majani yaliyoshushwa na jua hadi asilimia 20 yana uzito wa kilo 2.5, na kaushio la umeme linabaki na gramu 300 tu za maji ya kuondoa badala ya kilo 7.8. Maji ya mwisho hutoka polepole, kwa hiyo usitegemee muda upungue kwa uwiano huo, lakini uniti zitakuwa chache, na mtambo mdogo utatosha mahali ambapo ungehitaji mkubwa. Kati ya mipango yote, huu ndio ambao wachakataji wengi hawaupigii hesabu, pengine kwa sababu kila muuzaji anauza mtambo mmoja.

Na kama majibu ya maabara yameonyesha bakteria au mteja amelalamikia mchanga, usinunue kaushio lolote mwaka huu. Nunua meza ya chuma, matangi mawili ya kuoshea ili maji ya pili yabaki safi, klorini ya kutibu maji hayo, chekecheo la kuchujia maji, na makoti na kofia za wanaochambua. Kisha rudia mafungu matatu ya majaribio kuanzia hapo.